Tone la Mate Lina Ukoo Mzima



Mwaka 2018 Bunge letu la Kenya lilipitisha mswada wa marekebisho mbalimbali ya sheria, ule wa aina ya kubeba mambo chungu nzima ambao wachache huusoma hadi mwisho. Ndani yake, kwenye sheria ya usajili wa watu, palipenyezwa maneno machache yaliyoiruhusu serikali kukusanya DNA zetu pamoja na mahali hasa nyumba zetu zilipo. Wengi wetu tulikuja kuyasikia usajili wa Huduma Namba, namba ya kitaifa ya utambulisho, ulipokuwa mlangoni.

Waliotuamsha ni jamii ya Wanubi wa Kibera, Nairobi. Kwa miaka mingi vijana wao wakitimiza umri wa kitambulisho wamekuwa wakifikishwa mbele ya kamati na kuhojiwa kuhusu babu zao, huku wenzao wa mitaa jirani wakipewa kadi bila maswali hayo. Jamii kama hiyo haihitaji kufundishwa uzito wa swali la “wewe ni wa nani?” likitoka kinywani mwa dola. Shirika lao, Nubian Rights Forum, liliingia Mahakama Kuu pamoja na watetezi wengine wa haki. Aprili 1, 2019 majaji wakazuia kwa muda ukusanyaji wa DNA. Januari 30, 2020 wakaamua kwamba maneno hayo ya DNA yanavunja haki ya faragha iliyo kwenye Kifungu cha 31 cha Katiba.

Sisemi DNA ni adui. Miili zaidi ya 400 ya waumini wa dhehebu moja ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, jamaa walitoa sampuli ili wapendwa wao watambuliwe, na familia za kwanza zilikabidhiwa miili Machi 2024. Bila maabara, wazazi hao wangezika nani? Lakini sampuli iliyotolewa kwa msiba isije ikageuzwa kuwa mtego wa polisi kwa ukoo huo huo miaka kumi baadaye. Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu.

Kitambulisho kikipotea, unaomba, unapata kingine. Vinasaba, yaani DNA, havina vingine. Tena si vyako peke yako: ukitoa mate, umemtoa na ndugu yako, mwanao na binamu ambaye hujawahi kumwona, na hakuna aliyewauliza. Vinaweza kueleza ugonjwa unaonyemelea familia, au kwamba mtoto si wa baba anayemlea. Siri ya namna hiyo ikivuja, huvunja nyumba na kuzua kesi ya urithi.

Wenzetu wameyaonja haya. Kuwait, wanakofanya kazi Wakenya wengi, ilitunga sheria mwaka 2015 ya kuchukua DNA ya kila raia, mkazi na mgeni. Mahakama ya Katiba ya huko ikaifuta mwaka 2017. Uingereza polisi walizoea kuhifadhi vinasaba vya watu ambao hawakupatikana na hatia, mmoja wao akiwa mtoto wa miaka 11 alipokamatwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikalaani jambo hilo mwaka 2008, na baadaye rekodi zaidi ya milioni 1 zikafutwa.

Tanzania wana sheria yao ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, na tuna kifungu cha kanuni ya adhabu kinachompa inspekta wa polisi uwezo wa kuamuru, kwa maandishi, mshukiwa wa kosa kubwa apimwe DNA. Havitoshi. Tudai sheria moja iliyo wazi: polisi wasipekue hifadhi bila amri ya mahakama, sampuli ya aliyeachiliwa iharibiwe kwa tarehe inayojulikana, iliyotolewa kutambua maiti isitumike kwa jingine, na msimamizi awe mtu asiyeamriwa na wanaozikusanya.

Viongozi wa misikiti na makanisa, lizungumzieni jambo hili. Mawakili, someni pamoja na wazee wa mtaa ile miswada minene. Na wewe, tangazo la kutaka maoni ya umma likitoka katika kaunti yako, nenda, hata kama ni Jumanne asubuhi na una kibarua. Beba swali moja lililoandikwa, na usiondoke bila jibu la maandishi: sampuli yangu itaharibiwa lini, na ni nani atakayenithibitishia?