Vikwazo vya Biashara na Nchi Jirani

Nchi zikigombana si lazima zipigane kwa bunduki. Moja yaweza kukataa kununua mazao ya mwenziwe na kumnyima bidhaa azihitajizo. Hivyo ndivyo vikwazo vya biashara. Lakini je, hufaulu?

Tuitazame Rhodesia. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya Ian Smith ilijitangazia uhuru bila idhini ya Uingereza, ili Wazungu wachache waendelee kutawala. Uingereza ikaacha kununua tumbaku na sukari yake, na manowari zikalinda bahari ya Beira ili mafuta yasishushwe. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa uliziamuru nchi zote zikate karibu biashara yote nayo.

Afrika Kusini na Wareno waliotawala Msumbiji hawakutii. Mafuta yalipita kwao, na mazao ya Rhodesia yakauzwa kwa hati za uongo. Wakulima wa tumbaku walipata hasara, lakini serikali haikuanguka. Zambia, iliyotegemea reli ya Rhodesia, iliumia pia. Ikabidi lijengwe bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola.

Msumbiji ilipokwisha kujitawala, iliufunga mpaka mwaka 1976. Hapo, pamoja na vita vya ukombozi, Smith akabanwa, na tarehe 18 Aprili 1980 Zimbabwe ikapata uhuru.

Basi msomaji, usikiapo nchi imewekewa vikwazo, uliza kwanza jirani zake ni akina nani, na nani atakayelipa gharama. Ua wenye pengo hauzuii mbuzi.