Hati ya Ndege ni Nusu ya Ndege

Mtu asimamaye Oldonyo Sambu, kando ya barabara iendayo Namanga, huweza kumwona tai akipanda juu ya miteremko ya Meru bila kupiga bawa. Hubebwa na hewa iliyopashwa joto na jua, na upepo usukumwao juu na mlima. Kwa kanuni hiyo hiyo huruka glaida, ndege isiyo na injini, ambayo majeshi ya nchi kadha huitumia kuwafundishia vijana urubani. Wako wadhanio kwamba chombo kisicho na injini hakina cha kuharibika. Dhana hiyo ni ya hatari.

Glaida ya mafunzo hutua mara nyingi kwa siku, tena mikononi mwa mwanafunzi. Mshindo mmoja waweza kuacha ufa ndani ya bawa, usioonekana kwa macho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Angani hakuna nafasi ya kujenga ukuta.

Uingereza imekwisha kulipa ada ya somo hili. Haikuwa vita wala ajali iliyoizuia. Ilikuwa Aprili 2014, jeshi lake la anga liliposimamisha glaida zaidi ya 140 za makadeti, kwa kuwa matengenezo na kumbukumbu zake hazikuweza kuthibitisha usalama wake. Aina moja, Vigilant, iliondolewa kabisa mwaka 2018.

Sisi nasi tuna somo letu. Jeshi la Wananchi lilipoundwa mwaka 1964, Ujerumani ya Magharibi ilikubali kutusaidia kuanzisha kikosi cha anga. Mwaka 1965, kwa ugomvi wake na Ujerumani ya Mashariki, ikawaondoa wataalamu wake. Kanada ikashika nafasi hiyo hadi 1970. Tangu hapo twajua kwamba asiye na mafundi wake hana ndege, hata akiwa nayo uwanjani.

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika kifungu chake cha 3, hauzihusu ndege za kijeshi, ila wazitaka serikali zijali usalama wa ndege za raia. Basi jeshi lolote hujikagua lenyewe, na hapo ndipo penye mtego: fundi, mkaguzi na rubani wote humtii kamanda mmoja.

Kwa maoni yetu, mambo matatu hayana budi kushikwa. Kwanza, aliyetengeneza ndege asiwe ndiye aithibitishaye. Na mkaguzi awe na uwezo wa kuizuia hata kamanda akiwa na haraka. Pili, kila tengenezo liandikwe siku ile ile, pamoja na jina la fundi. Ndege iliyopotewa na hati ikae chini mpaka ikaguliwe upya. Tatu, fundi apewe mafunzo na heshima sawa na rubani.

Watakuwapo wasemao kwamba kanuni hizi zamchelewesha askari. Twawajibu kwamba marehemu huchelewa zaidi. Mzazi wa Oldonyo Sambu amtoaye mwanawe jeshini amekubali akabiliane na adui wa taifa. Hakukubali auawe na gundi mbovu na saini ya uongo.