Kinanda cha Bibi: tununue sindano, tusinunue sanduku



Leo sizungumzii mitihani wala bumu lililochelewa. Nazungumzia kinanda cha santuri. Cha Bibi kimekufa hapa nyumbani Jang'ombe, fundi kakifungua, kasema mota imeungua na kifaa chake hakipatikani tena. Familia imechanga, zimepatikana laki nne. Sasa kila mtu ana maoni yake. Ami yangu aliyeko Maskati anataka kutuletea kile cha mkoba, chekundu, kina spika ndani na bluetooth. Kizuri kwa macho, sikatai. Lakini miye napinga, na nataka niseme kwa nini, maana najua kuna wengine humu ambao kwao pia lipo kasha la santuri chini ya kitanda.

Kwanza tujue ndani ya kasha mna nini. La Bibi lina aina tatu. Kuna LP za mizunguko 33 kwa dakika. Kuna zile ndogo za 45, nyingi taarab za Mzuri ya Mombasa. Halafu kuna nzito nyeusi za mizunguko 78, na mbili kati ya hizo ni za Siti binti Saad. Siti, mtoto wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi kwa kampuni ya HMV, na akafariki 1950. Santuri za zama zile si plastiki. Zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa Bara Hindi uliochanganywa na unga wa mawe. Ukiiangusha inavunjika kama sahani ya udongo.

Sasa hapa ndipo penye kesi. Mfereo wa santuri ya 78 ni mpana kama mara tatu ya mfereo wa LP. Sindano ya LP ukiiweka humo haikai kwenye kuta, inatumbukia chini kabisa, kwenye vumbi na mikwaruzo ya miaka tisini. Unasikia mchanga, sauti ya Siti iko mbali. Vile vinanda vya mkoba vinajisifu kwamba vina spidi zote tatu, na kweli sahani inazunguka 78, lakini sindano ni ile ile moja ya LP. Tena mara nyingi ni ya yakuti ya kutengeneza, inayochakaa haraka kuliko almasi, na mkono wake unakandamiza kama gramu 5, wakati mashine ya kawaida inatosheka na 2 au 3. Kwa zile LP na 45 za plastiki, huko ni kuzichonga taratibu.

Kuna waliosema tununue gramafoni la tarumbeta, la kukoroga, kwa sababu halitaki umeme. Nawaelewa, sie ndio tuliokaa gizani karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, waya wa baharini ulipokufa. Lakini gramafoni lile linaegemeza zaidi ya gramu 100 kwenye santuri, na sindano ya chuma inatakiwa ibadilishwe kila upande. Kila ukisikiliza unakula mtaji. LP ndiyo usithubutu kabisa kuiweka.

Na wale wenye jamaa Canada au Marekani, angalieni umeme. Kule ni volti 120 na hezi 60, hapa kwetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma itakusaidia kwenye volti tu. Mashine nyingi za zamani zenye mota inayokula umeme wa ukutani zinafuata hezi, kwa hiyo ya 33 itazunguka kama 28 hivi, na kila mwimbaji atakuwa kama anasinzia.

Basi miye nasema tutafute cha mtumba kutoka Uingereza au Ujerumani, wenye umeme wa hezi 50 kama wetu. Makontena yanashuka kila siku, na mafundi wanajua nani ana nini. Tuangalie vitu vitatu: kiwe na spidi ya 78, kiwe na kichwa kinachobadilishika, na sahani izunguke bila kuyumba. Garrard SP25 au Dual 1219 za miaka ya 60 na 70 zina sifa hizo. Tusidanganywe na upya: Audio-Technica AT-LP60X ni mashine nzuri ya kuanzia, lakini ina 33 na 45 tu.

Pesa inayobaki yote iende kwenye sindano. Ipo AT-VM95SP, kichwa kilichotengenezwa kwa ajili ya 78. Baadaye, tukichanga tena, tunachomoa sindano tu na kuchomeka ya LP kwenye kichwa kile kile. Na tukumbuke kwamba mashine hizi zinataka amplifaya yenye tundu la phono, ukichomeka kwenye redio ya kawaida utasikia kama mbu.

Ami anauliza, kwa nini tuanze na 78 wakati LP ni nyingi zaidi? Kwa sababu Bibi ana miaka themanini na kitu, na anachokiulizia ni Siti. LP zinaweza kusubiri mwaka mmoja kashani. Bibi si wa kumwambia asubiri.

Mwingine kaniambia, kila kitu kipo YouTube, ya nini tabu yote hii? Si kila kitu kipo, ndugu yangu. Na kilichopo hakikutoka hewani, kuna mtu alikuwa na santuri nzima na sindano inayofaa. Sie tunaweza kuwa mtu huyo. Ukiipiga mara moja vizuri, unairekodi kwenye laptop kwa Audacity, ambayo ni bure, halafu Bibi anasikiliza kwenye simu kila jioni na santuri inapumzika.

Kinanda kikifa, kitapatikana kingine, kibaya au kizuri. Santuri ya Siti ikichongwa, huendi Darajani ukaikuta. Ndiyo maana kura yangu nyumbani iko kwenye sindano, hata kama sanduku lake litakuwa la mbao zilizochubuka.

Nawasilisha.