Kukosa Kazi Hakuna Sura Moja

Wapo waheshimiwa ambao, kila litajwapo suala la ukosefu wa kazi kisiwani Pemba, hulizungumza kana kwamba ni maradhi ya namna moja yenye dawa moja, ilhali mtu akisafiri kutoka Mkoani hadi Konde atakuta maradhi mbali mbali yaliyopewa jina moja.

Mchumaji wa karafuu, msimu ukiingia, kazi humtafuta yeye, na wenye mashamba hulalamika kuwa watu wa kupanda mikarafuu hawatoshi. Msimu ukisha, hurudi barazani. Hili halikuletwa na mashine, kwani karafuu bado huchumwa kwa vidole. Wala mashine haikuhusika na bei kuanguka katika miaka ya 1980, hapo Indonesia, aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za kretek, alipoanza kujitosheleza kwa karafuu zake mwenyewe.

Aliyepigwa na mashine ni fundi wa vyombo, aliyefunzwa kalafati tangu utotoni, akishindilia pamba iliyotiwa mafuta baina ya mbao na mbao, kisha akiupaka ubavu wa chombo mafuta ya sifa; naye leo, umri umepindukia miaka 50, anaziona boti za faiba zikishushwa pwani, zisizotaka pamba wala sifa. Huyu hana msimu wa kungojea, na kumwambia astahamili ni kumfanyia dhihaka. Kijana wa Wete aliyemaliza skuli juzi naye ana dhiki yake, lakini kwa rai yangu ni nyepesi kuliko ya mzee huyu, ingawa ndiyo ipigiwayo makelele zaidi: anatafuta kazi ya kwanza, na umri wa kujifunza amali mbili tatu bado anao.

Kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji ni neema, ila fahamu ya wengi wetu ni kuwa mahala kama pale ni pa vijana. Naiomba Serikali iwahesabu wasio na kazi kwa umri wao na kwa ufundi walioupoteza, kisha iwafungulie watu wazima masomo ya miezi michache, bila ada, ya kutengeneza faiba na mashine za boti. Na walioshika nyundo miaka thelathini watangulizwe.