Kamera nayo ibishe hodi



Ijumaa ya leo tunakuleteeni jambo tulilolikuta Lukuledi, wilayani Masasi, katika madrasa moja ambayo hatutaitaja jina. Siku ya Maulidi watoto walisoma kaswida, wengine hawajatimiza hata miaka kumi, na wageni wakatokwa na machozi. Miongoni mwa wageni hao alikuwamo bwana mmoja mwenye kamera. Alirekodi tangu ufunguzi hadi dua ya mwisho, akashukuriwa, akapewa sahani ya pilau, akaondoka. Baada ya wiki chache jamaa walioko Dar es Salaam wakapiga simu: watoto wenu wako mtandaoni. Na kweli walikuwako. Jina la madrasa halikuandikwa, wala la ustadhi aliyezitunga kaswida zile. Lililoandikwa ni la mwenye kamera. Chini yake, kwa ajili ya binti mmoja aliyekosea ubeti kisha akacheka, watu wasiomjua wameandika maneno ambayo baba yake alishindwa kutusomea.

Wazee walipokutana, walio wengi walitaka simu zote zipigwe marufuku madrasani. Ustadhi, karibu peke yake, akasema ni afadhali wanafunzi wakubwa wafundishwe kurekodi na kurusha kazi zao wenyewe. Sisi tuko upande wa ustadhi, lakini hasira ya wazee hatuidharau, kwa kuwa ina asili yake katika dini.

Katika Suratun-Nur, aya ya 27 na ya 28, waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na wakiambiwa warudi, basi warudi. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, amebainisha kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya jicho. Hebu tuizingatie hadithi hiyo. Kinachozuiliwa mlangoni ni jicho kabla ya mguu. Na kamera ni nini kama si jicho, tena jicho lisilosahau, linaloweza kuwaonyesha watu elfu kumi kile ilichokiona mara moja tu? Yule bwana alikaribishwa kwenye Maulidi, ndiyo. Jicho lake la pili halikubisha hodi.

Hata hivyo, marufuku haiwezi kutibu maradhi haya. Mgeni akija mwaka ujao atakuja na simu yake mfukoni, na watoto wetu watarushwa tena na mtu mwingine, kwa jina lake na kwa adabu yake. Asiyejua kazi hii hana hata neno la kumwambia anayeifanya.

Tena video si jambo geni katika da'awa. Wenye umri wetu wanazikumbuka kanda za Sheikh Ahmed Deedat wa Durban, aliyefariki Agosti 2005. Mjadala wake wa mwaka 1986 na mhubiri Jimmy Swaggart, uliofanyika Louisiana nchini Marekani, uliwafikia Waislamu wa nchi nyingi kwa njia ya kanda, huku kanda za namna hiyo hiyo zikilaumiwa, na kwa haki, kwa filamu chafu. Mwaka ule ule aliofariki Deedat ndipo YouTube ilipoanza. Julai 2009 mkondo wa Seacom ukafika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari, na leo kijana wa Lukuledi anaweza kurusha kwa simu kile ambacho zamani kilihitaji studio.

Faida yake tumeiona pia kwa watu wa kwetu. Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoa wa Pwani, alijulikana kwa video fupi za kufuatisha nyimbo za Kihindi, akiwa kijijini kwao na mifugo yake. Februari 2022 alitunukiwa na Ubalozi wa India nchini, na Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja redioni. (Hatuzisifu nyimbo hizo. Tunataka ieleweke tu kwamba umbali wa kijiji si udhuru tena.) Huku kwetu kusini tuna mafundi wengi wasiojulikana. Vinyago vya mpingo vya Wamakonde vimekwenda duniani kwa miongo mingi, na mara nyingi jina la mchongaji limebaki nyuma. Hukumu ya sanamu tunawaachia masheikh, lakini haki ya mtu juu ya jasho lake haina khilafu.

Basi wafundishwe nini? Ufundi wenyewe si mgumu: simu ilazwe, jua liwe mgongoni mwa anayerekodi, upepo ukingwe, na jina la mtunzi na la madrasa liandikwe mwanzoni. Akaunti iwe ya madrasa, na neno la siri litunzwe na watu wawili waaminifu, kwani tumeona kikundi kikipoteza kazi zake zote kwa kuwa aliyefungua akaunti alihama. Wajue kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda aliyetunga, na kwamba kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zimekwisha kubadilishwa zaidi ya mara moja, hivyo Mamlaka ya Mawasiliano iulizwe kwanza iwapo wanachokusudia kinahitaji leseni.

Juu ya fedha tuseme kweli. Ili chaneli igawiwe mapato ya matangazo, YouTube iliweka mwaka 2018 sharti la wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Madrasa ya kijijini haitalifikia upesi, na anayewaahidi vijana utajiri anawadanganya. Wakilifikia, wajifunze kuzuia aina za matangazo yasiyofaa, isije kaswida ya kumsifu Mtume (S.A.W.) ikatanguliwa na tangazo la haramu.

Tulipopita tena Lukuledi, ustadhi alikwisha pata ridhaa ya wazee, kwa sharti kwamba video yoyote itazamwe na wawili wao kabla ya kurushwa. Wanafunzi sita hukutana baada ya Alasiri, kila Jumamosi. Wiki ya kwanza hawakugusa simu. Walitumwa nyumba kwa nyumba kuwaomba ruhusa wazazi wa kila mtoto wa kaswida. Mama mmoja alikataa, naye ni mama wa yule binti aliyecheka. Katika video waliyorekodi baadaye sauti ya binti huyo inasikika, kwa kuwa hilo mama aliliridhia, lakini yeye amekaa pembeni, mahali ambapo kamera haifiki.