Povu liko wapi?

Akina dada wa Shangani na Mikindani mnaomgombeza mwenye duka eti kawauzia sabuni feki, mwacheni bwana. Sabuni nzima. Kesi iko kisimani.

Mvua ikidondoka Mtwara haina chumvi ya maana. Ikizama ardhini inabeba hewa ya ukaa iliyomo kwenye udongo, inapata ukali kidogo kama maji yaliyokamuliwa ndimu, halafu inakutana na mawe ya matumbawe. Yale ni chokaa. Yanayeyuka polepole, na maji yanaondoka na kalsiamu. Hiyo kalsiamu ndiyo inayogombana na sabuni, na ndiyo inayoacha ganda jeupe ndani ya birika. Haiui mtu, inamaliza hela ya sabuni tu.

Chumvi sasa, hiyo ni habari nyingine. Huku ufukweni maji baridi ya ardhini yameelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ya bahari ni mazito zaidi. Mholanzi Badon Ghijben mwaka 1888 na Mjerumani Herzberg mwaka 1901 walipiga hesabu yake: maji baridi yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yapo kama mita 40. Igeuze hesabu hiyo. Ukivuta mpaka yashuke ile mita 1 na yakabaki hivyo, bahari inaweza kukupandia mita 40!

Mshikaji wangu mmoja ana kisima karibu na bahari. Alipokuwa akichota kwa ndoo, chai yake safi. Akafunga pampu ya umeme, akaanza kuuzia mtaa maji, kiangazi chote toka Juni mpaka Novemba hakuizima. Leo chai ya kwake unaweza kulia wali. Na unajua kaamua nini? Achimbe ndani zaidi! Huko anamfuata papa, si maji.

Mkewe naye ananiambia, "Shemeji, tutachemsha." Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi haiendi kokote. Maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea, kama kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu. Dodoma na Singida, mvua haba na jua kali, kazi ni hiyohiyo: maji yanaruka, chumvi inabaki kwenye udongo, mvua inayofuata inaishusha chini. Arusha nako mawe ya volkano yanatoa floraidi, watu wanakua na meno ya kahawia. Nayo hiyo moto hauiondoi.

Kabla hujaita mtambo wa kuchimba, Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini ofisi yake iko hapahapa Mtwara, kaombe kibali. Kisima kikipatikana, vuta kidogo kidogo, ukipumzishe. Paa la bati nalo liwekee mfereji na tanki, mvua isipite bure.

Nimemwambia mshikaji hayo yote, kacheka. Jirani yake hacheki. Yeye bado anachota kwa ndoo, na kisima chake nacho kimeshaingia chumvi.