"Ukipasuliwa Mgongo Utapooza": Tuache Kusema Hivyo

Hapa chuoni kila mtu ni daktari wa mgongo. Lalamika kidogo tu hosteli, chumba kizima kitakujibu: "Usikubali kisu, utapooza." Hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Nimeacha kwa sababu ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mbeba mizigo sokoni. Maumivu yalianza kiunoni, yakashuka mguu mmoja. Alipoambiwa huenda akahitaji upasuaji, tulikaa kikao cha familia, mimi nikiwemo, tukamkataza. Miezi ikapita. Siku moja miguu yote miwili ikalegea, akapata ganzi sehemu za siri, mkojo ukagoma kutoka. Jamani, hata hapo tulimkanda siku nne! Alipofika hospitali alipasuliwa haraka. Leo anatembea kwa fimbo, lakini mkojo anautoa kwa mpira. Dalili zile ni za dharura, na sisi tulizipa siku nne.

Sisemi kila anayeumwa mgongo akimbilie kisu. Katikati ya pingili kuna diski laini; ikichomoza hubana neva. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa kwa dawa, kutembea na mazoezi ya fiziotherapia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unahimiza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na haushauri hata ile mikanda ya kiuno tunayouziwa. Kwa hiyo ukiambiwa upasuliwe, una haki ya kuuliza kwa nini, na kutafuta daktari wa pili.

Lakini neva ikiendelea kubanwa, njia zipo. Daktari anaweza kutoa kipande cha diski kupitia tundu dogo akitumia hadubini. Anaweza kutoa sehemu ya mfupa ili neva zipate nafasi, au kuunga pingili kwa skrubu. Shingoni, mara nyingi hupitia mbele, akatoa diski na kuunga pingili au kuweka diski bandia. Hatari zipo: maambukizi, neva kuumia, maumivu kurudi. Ila kupooza si jambo la kawaida kama tunavyotishana. Uti wa mgongo wenyewe huishia juu ya kiuno. Diski nyingi zinazopasuliwa kiunoni ziko chini ya hapo, penye nyuzi za neva tu.

Kuna watakaosema shida ni hela, siyo woga. Ni kweli, kipimo cha MRI peke yake kinameza bumu, na wengi hawana bima. Hilo tuidai serikali. Lakini siku ile kwetu hakuna aliyetaja hela. Tulitaja kupooza.

Naiomba serikali ya wanafunzi iweke somo hili kwenye wiki ya kupokea mwaka wa kwanza, dakika kumi tu: ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kugoma au kutoka chenyewe, miguu kulegea, hospitali siku hiyo hiyo. Sisi wa ualimu tulibebe mpaka field. Mwanafunzi mmoja akirudi nyumbani na kusema kwenye kikao cha familia kile ambacho mimi sikukisema, itatosha.